Andika "naomba" mahali pake na "nadai" mahali pake: namna ya kushughulikia permi ya kuwinda ukiwa Lubumbashi

Sekreteria yangu iko mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi: meza mbili, mashine ya fotokopi inayotafuna karatasi kila mvua inaponyesha, na kompyuta ambayo mwanangu hunitania kwamba ilisoma darasa moja na mimi. Huu ni mwaka wa kumi na nne nawaandikia watu barua. Nyingi ni za kuomba kazi kwenye kampuni za shaba. Chache ni za permi (kibali) ya kuwinda, na hizo huja kwa mkupuo, mvua zikikatika, wakati watu wa barabara ya Kasenga wanaingia mjini na baiskeli zilizolemewa na makala, makaa ya kupikia.

Mmoja wao, papa (ndivyo tunavyowaita kina baba) wa makamo, alikaa kwenye kiti changu cha plastiki, akaweka kofia juu ya goti, akaanza kunitajia maneno ya barua yake kabla sijamuuliza jina. "Mama, uandike hivi: mimi niko na haki ya kuwinda. Babu aliwinda, baba aliwinda, na mimi ninawinda." Niliandika mpaka neno "haki", halafu nikaondoa mikono kwenye klavye. Nikamwambia, "Papa, nikimaliza hivi utanilipa, utapanda mpaka ofisini, na barua hii watakurudishia mkononi."

Aliudhika, na namwelewa. Lakini katika kazi hii kuna barua za namna mbili tu, ya kuomba na ya kudai, na ukizichanganya unapoteza zote mbili. Yote ninayoeleza hapa ni kuhusu hilo: wapi uinamishe kichwa, na wapi ukiinue.

Kwanza, kwa nini kuwinda kunaombwa

Katiba yetu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 9, inaipa Serikali mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, vilivyo chini ya ardhi, maji na misitu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilikuwa imekwisha kusema kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake. Na sheria ya uwindaji, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inataka kila anayewinda awe na permi. Ikaongezwa juu yake sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, ya kulinda viumbe na mapori. Hakuna mahali ambapo mtu mmoja mmoja ameandikiwa kwamba kuwinda ni haki yake kwa kuzaliwa. Unapewa ruhusa, na ruhusa ina tarehe ya kuisha, ina mipaka, na aliyeitoa anaweza kuiondoa.

Wakili mmoja mzee, mteja wangu wa fotokopi, ndiye aliyenifungua macho juu ya mzizi wa jambo hili. Ufaransa zamani, kuwinda kulikuwa upendeleo wa makabaila; mkulima alitazama sungura wakila kabichi zake na akanyamaza. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 upendeleo huo ukafutwa, na tangu hapo kuwinda kukafuata ardhi: mwenye shamba ndiye mwenye kuwinda. Sasa wewe ifuate kamba hiyo mpaka kwetu. Ardhi ni ya nani? Ndiyo hivyo. Kamba inakupeleka mlangoni kwa Serikali.

Kuna watakaokuambia Marekani kuwinda ni haki. Kweli, katiba ya jimbo la Vermont iliandika hivyo tangu 1777, na Texas walipiga kura wakaongeza haki hiyo kwenye katiba yao mwaka 2015. Mtoto wa dada yangu anaishi Texas. Nilimuuliza kwa simu kama sasa wanaingia porini hivi hivi. Akacheka: "Mama mdogo, leseni ninalipia kila mwaka." Kwa hiyo hata penye haki, karatasi iko pale pale.

Na hiyo hoja ya babu? Mimi pia nina baba aliyewinda, upande wa Mitwaba. Watu walimwita muyanga, jina la wawindaji wenye dawa na miiko yao. Siku akiangusha mnyama, mguu wa nyuma haukuingia nyumbani kwetu. Ulikwenda kwa shefu, mkuu wa kijiji, umefungwa kwa majani, na mimi mtoto ndiye niliyetumwa kuupeleka. Msimu mmoja shefu alikataza watu wasivuke kijito fulani, na baba, pamoja na dawa zake zote, hakuvuka. Mbidi Kiluwe mwenyewe, mwindaji mkuu wa hadithi za Waluba, aliingia nchi ya mfalme Nkongolo kama mgeni. Sasa ukiniambia babu yako alikuwa na haki, nitakuuliza: na mguu aliupeleka wa nini? Nilipomuuliza hivyo yule papa wa Kasenga alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwetu ilikuwa kifua." Hapo ndipo tukaanza kuelewana.

Maswali ninayouliza kabla ya kuwasha kompyuta

Wapi? Ukinijibu Kundelungu au Upemba, ninakuagiza chai na mazungumzo yanaishia hapo. Upemba ni parki ya taifa tangu 1939, Kundelungu tangu 1970, na ndani ya parki permi yako ya kijijini haina nguvu hata kidogo. Shida ni kwamba watu wengi hawajui mpaka uko wapi. Mwingine ataniambia "si parki, ni kando tu ya njia ya kwenda Lofoi". Hiyo "kando tu" imewapeleka wengi gerezani. Muulize shefu, muulize gadi wa parki akiwa hana hasira, na uandike jina la kijito au kilima kinachokutenga na parki. Jina hilo tutalitia kwenye barua. Kama ni ndani ya shamba la mtu, nataka pia karatasi ya mwenye shamba kwamba amekubali.

Mnyama gani? Hapa watu huniangalia kana kwamba ni mimi nitakayempika. Tembo, punda milia, sokwe, okapi: usitaje, hata kwa mzaha. Kakakuona, yule ambaye wengi hapa tunamwita nkaka, mwache apite. Biashara yake ya kuvuka mipaka ilipigwa marufuku na nchi zote za CITES, mkataba wa dunia juu ya biashara ya viumbe vya porini, mwaka 2016, na nchi yetu imo katika mkataba huo tangu 1976. Magamba yake yakikutwa ndani ya gunia lako, maelezo yako hayatasikilizwa na mtu. Wanaoandikia permi ya kawaida ya kijijini wanatafuta wanyama wadogo: kabuluku (paa mdogo), simbiliki (panya mkubwa wa nyasini), sungura, kanga. Sema hivyo waziwazi. Nilikuwa na mteja aliyetaka niandike "wanyama mbalimbali" ili ajiachie nafasi. Nafasi hiyo ndiyo inayomfanya mkuu wa ofisi aweke barua chini ya nyingine zote.

Kwa silaha gani? Hili nitalirudia chini kwa sababu ndilo lililoniumiza. Kwa sasa jua kwamba sheria inakataza silaha za vita, sumu, moto wa kuzingira pori, mashimo, baruti, na kumulika wanyama kwa tochi usiku. Ya tochi na ya moto watu hawaamini. "Mama, sisi tunachoma pori tangu zamani, panya wanatoka wenyewe." Najua. Nimekula panya hao. Bado imekatazwa.

Lini? Gavana wa jimbo ndiye anayetangaza kufunguliwa na kufungwa kwa msimu. Permi yenye muhuri mzuri haikusaidii kitu msimu ukiwa umefungwa. Usitegemee tarehe za mwaka jana wala za redio ya jirani. Nenda kwenye ofisi ya mazingira ya jimbo au ya teritware (wilaya), soma tangazo ubaoni, lipige picha kwa simu. Picha hiyo uitunze.

Aina za permi, kwa ufupi

Ziko nyingi kuliko watu wanavyofikiri: za michezo, ndogo na kubwa, za watalii, ya kisayansi, ya kukamata wanyama wazima kwa biashara, ya kijijini, na ya kundi. Mtu wa Katuba mwenye gari na bunduki ya kalibre 12 anaomba ya michezo. Mkulima anayeishi porini anaomba ya kijijini. Wanakijiji wanaowinda pamoja hupitia ya kundi, na hapo shefu ndiye uso wao. Permi ni ya mtu aliyeandikwa. Huwezi kumkopesha shemeji kama baiskeli. Kila aina ina ofisi inayoitia sahihi, kwa hiyo uliza kwanza ni ofisi ipi, la sivyo tutaandika anwani ya mtu asiyehusika.

Barua yenyewe

Itaandikwa kwa Kifaransa, lakini ifikirie kwa Kiswahili kwanza, maana ukishindwa kuisema kwa Kiswahili basi hujui unachotaka. Juu kushoto jina lako kamili kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi, si jina la mtaani. Kijiji, groupement (kundi la vijiji), teritware, namba ya simu. Kulia, cheo cha mkuu unayemwandikia. Cheo, si jina, kwa sababu wakuu huhama na barua hubaki. Halafu mstari wa "yahusu": ombi la permi ya kuwinda ya aina fulani. Kisha aya tatu fupi. Ya kwanza: mimi ni nani na ninaishi wapi. Ya pili: naomba permi ya kuwinda wanyama hawa, mahali hapa, kwa silaha hii, katika msimu uliofunguliwa. Ya tatu: nimeambatanisha kopi hizi. Basi. Habari za watoto saba na za ukame tuziache. Mkuu ana watoto wake.

Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili wanakugongea muhuri wa kupokea na tarehe. Sisi tunaiita akize. Usiondoke bila hiyo. Karani akikuambia "iache tu, nitaiingiza", mwambie kwa upole, "Papa, nitangoja." Nimeona watu waliongoja mpaka saa tisa alasiri wakicheka na sentinele, mlinzi wa mlangoni, na wakatoka na muhuri.

Malipo: utapewa noti, yaani karatasi ya ofisi inayoonyesha kiasi, utalipa benki au pale itakapoonyesha noti hiyo, utarudi na risiti. Pesa zinazopita mkononi bila noti si malipo ya permi. Siwezi kukuambia usizitoe, najua maisha. Nakuambia tu kwamba siku ya bariyeri, kizuizi cha ukaguzi barabarani, hazitakuwa na sauti.

Sasa, panapodaiwa

Yule papa hakuja na jambo moja. Alipokuwa amekwisha kukubali "naomba", alitoa la pili: pupu yake, ile bunduki ya kienyeji ya kushindilia baruti kwa mdomo, ilikuwa imechukuliwa kwenye bariyeri wiki tatu nyuma, na yeye mwenyewe alilazwa kizuizini siku nne. Hakupewa karatasi yoyote.

Hapo niliwasha moto. Kwa sababu ingawa kuwinda ni ruhusa, kutendewa kwa sheria si ruhusa. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 18, inasema mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu, na kwa lugha anayoielewa. Na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kizuizini polisi hawawezi kukuweka zaidi ya saa 48 bila kukuachia au kukufikisha kwa mwenye mamlaka ya sheria. Kitu kikichukuliwa, dai iandikwe hati, ile tunayoita PV, yenye aina ya kitu, namba kama ipo, tarehe na jina la aliyechukua. Usiweke sahihi kwenye hati usiyosomewa. Hapa andika "nadai". Andika saa uliyokamatwa na saa uliyotoka. Na kwenye kifungu cha 27 kuna jambo zuri sana ambalo watu hawalitumii: kila Mkongomani anaweza kuandikia mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ninaitaja kila mara mwishoni mwa barua, kwa adabu, na tarehe ya siku ya mwisho nimeihesabu mwenyewe.

Barua ile ya kudai niliyomwandikia papa ilikuwa nzuri, nasema bila aibu. Kurasa mbili, kila mstari una jino. Ilirudi baada ya wiki mbili na swali moja: cheti cha silaha kiko wapi? Papa alikuwa nacho. Alikitoa kwenye mfuko wa plastiki wa sukari, kimekunjwa mara nane. Nilikisoma kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kilikuwa na jina la marehemu baba yake.

Kosa lilikuwa langu. Nilimuuliza kama bunduki ina karatasi, akasema ndiyo, nikaendelea kuchapa. Sheria ya silaha, ya tarehe 3 Septemba 1985, inataka mwenye silaha awe na kibali chake. Hakirithiwi pamoja na shoka na jembe. Bila jina lake, mbele yao alikuwa mtu mwenye bunduki isiyo na kibali, na mimi nilikuwa nimewapelekea maelezo yake yote kwa herufi kubwa. Alipona kwa sababu mkuu aliyesoma alikuwa na huruma. Za siku nne kizuizini hakuna aliyejibu. Tangu siku hiyo ninataka kuona cheti kabla ya kuona pesa. Wewe pia, kabla ya kudai chochote, funua karatasi zako mbili, ya silaha na ya kuwinda, uzisome jina, namba, tarehe. Bunduki ya baba ianze upya kwa jina lako, au usiitoe nje.

Jambo dogo lakini wengi huliuliza: mnyama akikushambulia, ukamuua kwa kujiokoa, hata awe analindwa, sheria haikuhesabu kuwa mwindaji. Lakini ripoti haraka kwa shefu na kwa ofisi, na meno au ngozi usiguse, ni za Serikali. Ukichelewa siku tatu na ngozi iko juu ya paa, hadithi yako ya kujiokoa imekwisha kuoza.

Kama nyinyi ni kijiji kizima

Kuna njia inayokaribia haki kuliko permi ya mtu mmoja, na sijui kwa nini inatumika kidogo. Sheria ya misitu ya 2002 inawatambulia watu wanaoishi ndani ya msitu au kando yake matumizi yao ya desturi. Dekri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inawaruhusu wanakijiji kuomba msitu wao wa jadi uandikwe kwa jina la jumuiya, mpaka hekta 50,000, bila tarehe ya kuisha. Ni kazi ndefu: ramani, mikutano, majina ya koo, majirani kutia sahihi kwamba mpaka ni huo. Nimepiga chapa daftari moja la namna hiyo, kurasa zaidi ya 60, na wino uliniishia mara mbili. Lakini ukishapata, nyinyi wenyewe mnapanga nani aingie upande gani na msimu upi, ndani ya sheria. Na kwa Wabatwa, ambao msitu ni soko na duka la dawa kwao, sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki zao juu ya ardhi na mali ya asili wanayoitumia tangu jadi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa 2024 juu ya Wabatwa waliofukuzwa kwenye parki ya Kahuzi-Biega, kule Kivu Kusini, ilisema wazi kwamba nchi yetu ilivunja haki zao. Barua ya Mbatwa sitaianza kwa "naomba" kwa wepesi.

Yule papa hakuipata tena pupu. Alizungumza na shefu wake, shefu akaja mwenyewe Katuba, mzee mwenye fimbo na viatu vilivyopakwa rangi, tukaandika ombi la permi ya kundi. Naomba, naomba, naomba, aya tatu. Muhuri ulipatikana.

Miezi imepita, juzi jioni papa amekuja na baiskeli yake. Juu ya makala kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa majani. Mguu wa nyuma wa kabuluku, haujazi hata sufuria ya watu wawili, ameupata kwa upinde. Nikamwambia, "Karatasi kwanza." Hakukasirika. Akatoa kopi ya permi, jina lake la tano kwenye orodha, na simu yenye picha ya tangazo la ubaoni. Nilisogeza picha kwa kidole, nikahesabu. Msimu ulikuwa umebakiza siku nne.

Nikaingiza mguu ndani, nikamtafutia chai.